Kusubu vibao vya tuzo: kazi iko kwenye mbao, si kwenye moto

Mwaka jana nilijitwika kazi nisiyoijua. Tulikuwa na msafara wa pikipiki wa hisani, Malindi mjini hadi Mambrui na kurudi, kuchangia viti vya magurudumu vya watoto. Kamati ikataka vibao 12 vya kuwatuza waliochangisha zaidi. Vikombe vya plastiki vya dukani nikavikataa. Nikasema tusubu wenyewe, yaani tuyeyushe na kumimina, tena kwa pistoni za aluminiamu za bodaboda zilizokufa. Maneno yakanitoka kabla sijayapima.

Kama nawe wazimu huo umekushika, anza na mfano wa mbao, yaani kibao cha mbao unachokifukia mchangani kisha ukakinyanyua, kiache umbo la kumiminia. Kila mtu huulizia tanuri, na tanuri ndilo jambo jepesi: aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, mkaa na feni vinaifikisha, na mafundi wa jua kali wanaosubu sufuria wanaijua kazi hiyo kwa macho.

Mfano wangu nilimpa fundi wa nakshi, mchonga milango. Alitoa herufi nzuri mpaka nikaona haya kuzifukia mchangani. Mzee wa tanuri akazipapasa kwa ukucha.

“Mwanangu, hizi kuta zimesimama wima.”

“Si ndio uzuri wake, ami?”

“Uzuri wa mlango. Huku mchanga utazing’ang’ania.”

Nikabisha, tukajaribu. Tulipounyanyua mfano, mchanga ulioingia kwenye tundu la A na la B ulikatika ukabaki kwenye mbao. Kibao kikatoka na A iliyoziba kama jino bovu. Tazama ndoo ya mtoto anayechezea mchanga ufuoni: mdomo mpana, kitako chembamba, ndiyo maana mchanga hutoka mzima. Herufi nazo ziwe hivyo, pana chini, nyembamba juu, na pembe zake zipigwe msasa. Pikipiki tuliyoichora ilikuwa na spoki. Zilikuwa nyembamba mno, tukaishia na gurudumu lililojaa. Hakuna aliyelalamika.

Aluminiamu ikipoa hunywea kama asilimia 1.3, kwa hiyo kibao cha sentimita 20 hupungua karibu milimita 2.5. Kama kina fremu ya kuingia, ongeza kwenye mbao. Na majina ya washindi usiyachonge kwenye mfano. Acha uwanja mtupu, uyachore baadaye, maana kamati hubadili mawazo hadi usiku wa mwisho.

Mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya makombe, uache. Tulitumia wa mtoni uliochekechwa, tukauchanganya na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo sana. Ufumbate: ukishikamana na kuonyesha alama za vidole, umefika. Ukilowesha kiganja, umezidi, na hilo si la mzaha, kwani maji yakikutana na aluminiamu iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha usoni. Hata pistoni zenyewe zikaushwe juu ya tanuri kabla ya kutumbukizwa. Usimiminie juu ya sakafu ya saruji, nayo ina unyevu ndani. Tandaza mchanga mkavu. Kandambili zibaki nyumbani. Mfano unyunyizie poda ya mtoto ili usigande.

Kuhusu chuma chakavu, makopo ya soda yatakuvunja moyo: ni membamba, yana rangi, na sehemu kubwa huishia kuwa utando wa kijivu wa kutupwa. Pistoni zina silikoni, hutiririka vizuri hadi kwenye herufi ndogo. Toa pini na ringi kwanza. Kibao cha sentimita 20 kwa 15, unene wa milimita 6, hula karibu nusu kilo, kwa hiyo gereji moja haitoshi, zungukia kadhaa.

Kumalizia ni starehe. Paka kote rangi nyeusi ya mafuta, ikikauka sugua juu kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa, herufi zing’ae na chini kubaki kweusi. Toboa matundu kwa keekee.

Nilichokosea mwisho ni skrubu. Kibao changu nilikitundika barazani kwa skrubu za kawaida. Chenyewe hakina neno, ila upepo wa bahari umezila, na ukutani imeshuka michirizi minne ya kutu hadi chini. Nunua za stenlesi.