Jibu: Seti inasema gridi salama, simulesheni inakataa

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, seti yako (yaani mkusanyiko wa hali, pembe na kasi ya rota, ambazo jenereta ikianzia hapo inarudi kutulia) inaonyesha jenereta itatulia baada ya shoti ila ukirani simulesheni, jenereta inaachana na gridi, yaani haizunguki tena sambamba nayo. Cheki kwanza modeli uliyotumia ni ya kabla au ya baada ya shoti, mimi hapo palinitesa wiki nzima, nilichora seti kwa laini zote mbili za umeme wakati breka (swichi inayokata laini yenye shoti) ilishakata moja. Mfano Pm (nguvu ya kuzungusha inayoingia kwenye jenereta) ni 0.8, kilele cha nguvu ya umeme inayoweza kutoka kwenda gridi kikishuka toka 2.0 hadi 1.6, pembe ya rota ya kutulia inapanda toka digrii 24 hadi 30 na ile ya hatari (ikipitwa, jenereta hairudi) inashuka toka 156 hadi 150, kwa hiyo seti inasinyaa. Afu hali zote zinazowezekana breka inapofunguka ziingie ndani ya seti, sio ile ya katikati tu. Hii nimefanya kwa jenereta moja, nyingi bado sijajaribu.