Wimbo wa Bendi Usio na Jina: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kanda

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii ya kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta hapa Kampala, swali hili mtalizoea. Mzee analeta rili, yaani kanda ya gurudumu, aliyonasa redioni zamani, ndani kuna bendi kubwa, tarumbeta na saksafoni tele, naye anataka jina la wimbo. Msiukimbilie wimbo. Sikilizeni kwanza vilivyo kando yake.

Mtangazaji akitaja General Overseas Service, hiyo ni BBC ya kabla ya Mei 1965, lilipoanza jina la World Service. Mkibahatika kupata milio sita mifupi ambayo BBC hupiga kuashiria saa, linganisheni urefu wake: tangu 1972 wa mwisho ni mrefu kuliko mingine. Yote ikilingana, kanda ni ya kabla ya hapo. Ila hiyo ni tarehe ya matangazo tu. Santuri ya 1939 ingeweza kupigwa hewani 1963.

Jihadharini pia na muziki wa kufungulia kipindi. Kipindi cha jazz cha Willis Conover, Sauti ya Amerika, kilichoanza 1955, kilifunguliwa kwa "Take the 'A' Train" ya bendi ya Duke Ellington. Mgeni wa kazi huutambua, akaandika jina kwenye kadi ya kanda kwa furaha, kumbe mzee anaulizia uliofuata.

Kisha mashine. Deki (mashine ya kuchezea kanda) ya Marekani ambayo mota yake hufuata umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), ukiichomeka Uganda kwenye hezi 50, hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita, na muziki wote hushuka karibu nusu-toni tatu. Transfoma hubadili volti, hezi haizigusi. Waliokulia kwenye kwaya watanielewa haraka: tafuteni doh, noti ambayo wimbo hutulia juu yake. Bendi hizi hupenda doh iwe B flati, E flati, A flati, kwa sababu ndizo nyepesi kwa tarumbeta na saksafoni. Doh ikiangukia B au E kamili, shukuni mwendo kabla ya kumshuku mpigaji.

Simu je? Shazam hulinganisha rekodi na rekodi. Bendi ikiupiga wimbo uleule ukumbini, mbele ya maikrofoni ya redio, Shazam haina cha kulinganisha nao. Afadhali Google, ambayo tangu 2020 hutafuta kwa mluzi au kwa kuguna wimbo mdomo ukiwa umefumbwa. Lakini guneni sehemu ya kwanza, ile inayorudiwa kabla muziki haujageuka. Solo ya katikati ni ubunifu wa mpigaji wa usiku ule, haitawafikisha popote. Mimi huandika sehemu hiyo kwa do-re-mi na kumpa mwalimu wa kwaya au mstaafu wa bendi ya polisi aiimbe. Mara nyingi wao huwahi kuliko simu.

Na msishangae mkikosa rekodi yoyote. Tangu Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligoma kurekodi santuri. Kampuni ya santuri ya Decca ilikubali masharti ya chama 1943, wenzao RCA Victor na Columbia wakakawia hadi Novemba 1944. Redioni bendi ziliendelea kupiga, kwa hiyo zipo nyimbo zilizosikika hewani bila kuwahi kuwekwa kwenye santuri ya kuuzwa.

Kwenye kadi, jina la kubahatisha liandikwe kwa penseli, na kando yake mlichokisikia: maneno ya mtangazaji, doh, mwendo wa deki, dakika wimbo unapoanzia. Mzee mpeni nakala yake hata kama jina bado.