Stelingi ya pikapu iliyo kwenye waranti: acha spana kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye gereji za magari mapya, leo niongee nanyi kuhusu stelingi maana naona kila kijana anayeingia anakosea palepale nilipokosea mimi. Gari ya waranti (yenye dhamana ya kiwanda) sio gari ya mtaani. Mtaani ukibadilisha taitrodi ikaendelea kugonga unajaribu boljointi, mwisho wa siku mteja ndo analipa. Huku anayelipa ni kiwanda, na kiwanda kinaweza kuitaka ile spea ya zamani, wakaifungua wakaipima, wakikuta nzima kleimu (maombi yenu ya kulipwa) inakataliwa na gharama inabaki kwenu.

Mimi ilinikuta mwaka wangu wa kwanza. Ililetwa pikapu ina kilomita 14,000, mzee mwenye gari akasema "kijana, nikitoka kona usukani haurudi, mpaka niuvute kwa mkono". Mimi kwenye jobukadi nikaandika "stelingi nzito". Hapo ndo nilishaharibu, manake nzito na hairudi ni vitu viwili tofauti kabisa. Nzito unaanza na upepo wa tairi, oili, mkanda, pampu. Hairudi unatafuta kinachokwama, au alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi). Nikaagiza stelingi raki mpya (ile inayosukuma tairi kulia na kushoto), nikafunga, siku ya tatu mzee karudi na shida ileile na hakufoka hata kidogo, alinikabidhi tu funguo, iliniuma sana. Raki niliyoitoa nayo ikapimwa ikaonekana haina tatizo.

Foreni wetu, mkubwa wa mafundi, akaniita. Akapiga jeki mbele tairi zote mbili juu, akanyoosha tairi, akafunga usukani usizunguke (hii msisahau kamwe, shafti, ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki, ikiwa imeachia halafu usukani ukazunguka ovyo ile waya ya eabegi iliyojiviringisha ndani inakatika na umejitengenezea kazi nyingine). Akafungua bolti ya jointi ya shafti pale inapoingia kwenye raki, akaniambia shika hii jointi ipinde. Upande mmoja ikapinda laini, upande wa pili ikagoma, nikaongeza nguvu ikasogea kwa kukwaruza kama bawaba ya mlango iliyokula kutu. Nilikuwa nimeshaifungua na kuifunga jointi hiyohiyo wakati nabadilisha raki na sikuijaribu kwa vidole!

Kwahiyo maneno ya mteja yaandike kama alivyosema yeye, usiyatafsiri. Halafu muombe muende wote barabarani, aendeshe yeye kwanza wewe kaa pembeni uangalie shida inatokea spidi gani, ana mzigo au hana, akiwa anakata kona au akishika breki. Usukani ukitetemeka kuanzia kama kilomita 80 kwa saa hivi na breki hujagusa, anza na balansi na rimu. Ukitetemeka akikanyaga breki tu, nenda kwenye diski.

Kuvuta upande ndo kunawachanganya wengi. Sisi tunaendesha kushoto na barabara zimewekewa mwinamo maji yamwagike pembeni, kwahiyo gari kuelea kushoto taratibu ukiachia usukani ni kawaida, tafuta sehemu tambarare ujaribu kwenda na kurudi. Na usijaribu kwenye lami iliyobonyezwa na malori, ile mifereji inabeba tairi utasema gari mbovu. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kisha badilishana tairi za mbele kulia na kushoto kama sio zile za mwelekeo mmoja, gari ikianza kuvuta upande mwingine basi tatizo ni tairi, na tairi mara nyingi ina waranti yake kwa aliyeitengeneza.

Kugonga, tafuta tairi zikiwa chini na uzito wa gari umekaa. Ukipiga jeki uchezaji mwingine unajificha. Ingia kwenye shimo la gereji chini ya gari, mwenzio acheze usukani kidogokidogo, wewe weka kiganja kwenye kila jointi, ile mbovu utaisikia inapiga mkononi kabla hata sikio halijapata.

Za stelingi ya umeme pima betri kwanza, volti zikiwa chini usukani unakuwa mzito na taa inaweza kuwaka, raki haina kosa lolote.

Kitu kingine, angalia chini ya gari kabla hujagusa bolti. Pikapu zetu watu wanaongeza springi nyuma zibebe, mkia unanyanyuka, kasta ya mbele (ile pembe ya kulalia nyuma inayosaidia usukani kurudi) inapungua, usukani unakuwa mwepesi, unayumba na kurudi kwake kunakuwa kwa shida. Ukikuta hivyo, au tairi kubwa kuliko za kiwandani, piga picha, mwambie msimamizi wako na mteja aambiwe siku hiyohiyo kwa heshima, sio baada ya wiki gari iko wazi anasubiri.

Alaimenti printi kabla na baada, karatasi zote mbili ziingie kwenye faili. Spea uliyoitoa ifunge lebo yenye namba ya jobu, usiifute matope wala grisi, iache ilivyotoka. Ile jointi ya yule mzee nilivyoipeleka na kutu yake ndani ya mfuko, kleimu ilipita mara ya kwanza.