Peugeot 504 inayosumbua kuwaka asubuhi Nakuru
Ndugu, kama Peugeot yako inasumbua asubuhi tu, lakini ikishapata moto inawaka mara moja, usikimbilie kununua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nyingine. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na injini iliyolala kwenye baridi hiyo inataka choki, kile kibati kinachozuia hewa kuingia kwenye kabureta, ifunge kabisa. Toa filta ya hewa, vuta choki, utazame kama kibati hicho kinafunga. Mara nyingi ni waya wake umelegea. Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyaga mafuta. Petroli isiporuka ndani ya kabureta, shuku pampu. Ikiruka, fungua plagi: zikiwa zimelowa, huenda cheche ni dhaifu, safisha pointi (zile zinazokata na kuunga umeme wa cheche ndani ya distribyuta), acha nafasi ya 0.4 mm. Tafadhali usimimine petroli kwenye kabureta mtu akipiga stata, inaweza kukulipukia usoni.