Soksi za Persephone

SWALI: Naishi Ujerumani, na kabla ya baridi kuingia ningependa kumfumia binti yangu soksi za sufu zenye nakshi za kisa cha Persephone na majira manne ya mwaka. Nimeanza na mishono 64, rangi mbili kwa kila mzunguko, lakini soksi inagoma kupita kisigino. Nifanyeje, na majira hayo niyapangeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na kisa, kwa kuwa ndicho kitakachoamua nakshi. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, mungu wa kike wa nafaka, binti yake Persephone anachuma ua la narkiso, ardhi inapasuka, na Hades, mungu wa kuzimu, anamchukua hadi huko. Mama anaposusa kwa huzuni na hasira, mbegu hazioti tena. Na kwa kuwa binti amekwisha kula punje ya komamanga huko chini, analazimika kurudi kuzimu theluthi moja ya kila mwaka, na theluthi mbili anakaa na mama yake. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, mwaka umegawanywa nusu kwa nusu. Majira manne yaliyo sawa hayamo humu, nami nakusihi usiyalazimishe, kwani theluthi ile moja ndiyo uchungu wote wa Demeter.

Basi, kama shingo ya soksi ina sentimita 18, zile 12 za juu zifume kwa masuke ya shayiri, manjano juu ya kijani, na 6 za chini kwa zambarau iliyokolea, yenye punje nyekundu za komamanga. Mpakani, pale ardhi ilipopasuka, weka safu moja ya narkiso nyeupe.

Soksi inabana kwa sababu uzi unaopita nyuma ya nakshi haunyumbuki kama mishono yenyewe. Fumua, uanze upya na mishono 72, ambayo hugawanyika kwa 8 sawa na ile 64, ili nakshi ya mishono 8 izunguke bila kukatika. Kila unapobadili rangi, itandaze kwanza mishono iliyo kwenye sindano ya kulia ndipo uvute uzi, na usiuache upite nyuma ya mishono zaidi ya 5 bila kuunasa, yaani kuusokota na uzi unaofumia, maana vidole vya mtoto vitaukamata. Kisigino na unyayo vifume kwa rangi moja, mishono ikiwa imepunguzwa hadi 64, kwa sufu iliyochanganywa na nailoni, kwani hapo ndipo soksi hutoboka mapema. Ukifikisha sentimita 5 za nakshi, hamishia mishono kwenye uzi mrefu, umvalishe binti, na ikipita kisigino bila kuvutwa kwa nguvu, endelea.