Posa Marangu: kreti za bia zitatosha?

Kaka, umeuliza kama unaweza kupeleka bia badala ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wakwe zako Marangu. Bia peleka ukipenda, ila mbege usiiache. Kwa Wachaga ndiyo pombe ya posa, hata ya kupatana baada ya ugomvi. Mwone mama mpishi wa mbege mapema, kama wiki moja kabla. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa zichachuke siku kadhaa, ndipo unachanganywa uji wa kimea cha ulezi. Gome la msesewa ndilo linaloleta ule uchungu. Ikilala sana inakuwa kali, na wazee hawakawii kukunja nyuso. Kata ya kunywea ikiletwa, usiikimbilie, waanze wazee. Hunywi? Gusisha midomo, umpe wa pembeni.