Ruzuku kwa wasukaji: usisahau kuandika muda wa mikono yako

Wa alaykum salaam mdogo wangu, na salamu kwa wote humu.

Umeuliza kama msukaji wa mikeka wa Kipungani, kijiji cha kisiwa chetu cha Lamu, aliyejifunza kwa mama na shangazi zake, bila cheti cha chuo cha sanaa, anaweza kuomba ruzuku ya mradi, na kama anaweza, aanzie wapi. Anaweza. Mimi ni wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni, natengeneza kazi za kutundika ukutani kwa ukindu, yale majani ya mkindu yanayosukiwa mikeka. Nimeshapewa ruzuku, nimeshanyimwa, na nimewahi kualikwa kukaa na jopo linalosoma maombi. Nikikaa upande ule niliona jambo moja linalowaangusha watu wetu wenye mikono mizuri kabisa, na ndilo nitakalolisema kwa urefu.

Hawaandiki muda wao.

Bajeti inakuja na ukindu, rangi, nyuzi, sindano, nauli ya boti, basi. Jumla inakuwa ndogo mno, na mwombaji anadhani udogo huo utawafurahisha wafadhili. Haiwi hivyo. Jopo likiona kazi kubwa yenye bajeti ya vifaa tu, linajiuliza kama mtu huyu ataimaliza, na ataishi kwa nini akiwa kazini. Kwetu kusuka kunahesabiwa kama jambo la kufanywa baada ya kupika na kufua, huku mnazungumza barazani, kwa hiyo saa zake hazionekani hata na mwenyewe anayezitumia. Anayesoma fomu yako Nairobi au Amsterdam hajawahi kuona ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, ukisukwa. Usipomwambia, hawezi kujua.

Basi fanya hesabu namna hii. Tuseme unataka kazi ya upana wa meta 2 na urefu wa meta 3, kwa ukili wa upana wa sentimita 5. Hapo unahitaji mistari 40 ya meta 3, yaani meta 120 za ukili, kabla ya kuhesabu inayoliwa na mshono na pindo. Kaa chini na saa, suka kwa mwendo wako wa kawaida, uone unatoa meta ngapi kwa siku. Ikiwa ni 2, kusuka peke yake ni siku 60. Ukijiwekea shilingi 1,000 kwa siku, hizo ni shilingi 60,000, na bado hujaugusa upasuaji wa ukindu, kuchemsha rangi, kuanika, kushona na kukaza pindo. Ikiwa shangazi na binamu watasuka nawe, kila mmoja awe na mstari wake kwenye bajeti, na malipo yake. Usiandike "msaada wa familia." Ni mafundi, waandikwe kama mafundi.

Hesabu hiyo utaitumia mara mbili. Iweke kwenye bajeti, kisha iandike kwa maneno kwenye maelezo ya mradi: mkeka unajengwa kwa mistari, mistari inashonwa ubavu kwa ubavu, na kila mstari una siku zake. Nimeona jopo likibadilika uso likisoma maelezo ya namna hiyo, kwa sababu ghafla kazi ina uzito. Lakini soma masharti kwanza. Wako wafadhili wanaoweka kikomo cha malipo ya msanii mwenyewe ndani ya bajeti, na wengine hawaruhusu kununua vyombo vikubwa. Ongeza pia makato ya benki na mabadiliko ya thamani ya fedha, maana ruzuku ya euro huingia kwenye akaunti ikiwa pungufu ya ulivyoihesabu, na fungu la dharura la asilimia 5 hadi 10 ikiwa linaruhusiwa.

Kuhusu wapi pa kuomba, tenganisha mambo matatu ambayo hapa kwetu huchanganywa. Hazina za serikali ya Kenya, ile ya Wanawake iliyoanza 2007 na ile ya Uwezo ya 2013, zinatoa mikopo, hata pale isipokuwa na riba. Ni nzuri kwa kikundi kinachouza makawa ya kufunikia chakula na vikapu, ila utarudisha. Ruzuku ya mradi hairudishwi, lakini inataka kitu kipya kitakachotengenezwa ndani ya muda fulani, na haikusudiwi kujaza duka bidhaa. Halafu kuna tuzo za wanaoanza, ambazo humpa msanii fedha aendeleze kazi yake. Tuzo za Seed za Prince Claus Fund ya Uholanzi, zilizoanza 2021, zilikuwa za euro 5,000 kwa msanii mmoja mmoja. Ukikutana na ule mfuko wa UNESCO wa utofauti wa tamaduni, wenye kikomo cha dola 100,000, usipoteze usiku wako: huo hauwapi watu binafsi, ni wa mashirika na taasisi. Ukitaka njia ya kikundi, jiandikisheni chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mfungue akaunti ya benki ya kikundi, na muwe na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Mtu akikutaka ada ili "afungue faili" la ruzuku, mimi sitoi hata shilingi, na ningekuomba nawe usitoe.

Sasa mradi wenyewe. "Kuendeleza utamaduni wa mikeka ya Lamu" ni maneno ambayo kila mtu ameyaandika, na hayaonyeshi utafanya nini Jumatatu asubuhi. Andika kitu kinachoweza kuonwa: kazi tatu za kutundika zenye ukubwa huu, zitakazoonyeshwa mahali hapa, kwa kujaribu jambo hili. Kama jaribio lako ni rangi ya gome la mkoko, ile hudhurungi yenye wekundu, sema gome litatoka wapi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti yetu, na ukataji wake unasimamiwa na Huduma ya Misitu. Mwombaji anayeeleza kwamba atatumia maganda ya boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali amejibu swali kabla halijaulizwa. Vivyo hivyo ukindu: mkindu unapenda maji, humea kandokando ya mito kama Tana, kwa hiyo eleza unanunua kwa nani na unasafiri vipi hadi gati ya Mokowe huko bara na kuvuka hadi kisiwani.

Ratiba ipange kwa pepo zetu. Kuchemsha rangi na kuanika kuwe wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, jua likiwa kali na mvua ni chache. Masika yakiingia Aprili, ukindu uliokaa vibaya hupata ukungu, basi miezi hiyo iwe ya kusuka na kushona ndani. Angalia Ramadhani inaangukia wapi mwaka huo, upunguze kazi. Ratiba iliyogawanywa miezi sawasawa kama keki inaonyesha imeandikwa na mtu asiyeishi na kazi hii.

Picha ni nusu ya ombi, na simu yako inatosha. Tundika kazi kwenye ukuta wa chokaa wa kiwanda cha nyumba, yaani ua wa ndani, asubuhi, kabla jua halijafika juu, bila flashi. Piga kazi nzima ikiwa imenyooka, kisha ya karibu inayoonyesha msuko, kisha mkono wako ukiwa juu yake ili ukubwa ujulikane. Toa ndoo na kamba ya nguo. Kila picha iandikwe jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo kwa sentimita. Picha kumi nzuri zinawashinda watu wenye picha hamsini.

Kuhusu cheti usichokuwa nacho: andika ulijifunza kwa nani, ukiwa na umri gani, na ni misuko ipi unaijua. Hayo ni masomo. Waombe ruhusa waliokufundisha kabla ya kuwataja, na kama utatumia nakshi inayojulikana kuwa ya kijiji au ukoo fulani, zungumza nao mapema na uandike mlivyokubaliana. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na hata isingekuwepo, heshima ingetaka hivyo. Barua ya mapendekezo iombe kwa mtu aliyeiona kazi yako kwa macho, awe ofisa wa makumbusho, mwalimu, au mnunuzi wa muda mrefu. Mpe wiki kadhaa, na umpe muhtasari wa mradi ili barua yake na fomu yako zisipishane.

Fomu nyingi ziko kwa Kiingereza. Iandike yote kwa Kiswahili kwanza, ikukae sawa, ndipo umtafute mtu akutafsirie, na ukae naye anapofanya hivyo. Maombi yanayoanza kuandikwa kwa Kiingereza cha kuazima hupoteza mambo yale yale ambayo ni wewe tu unayeyajua.

La mwisho ni risiti, na hili linawasumbua hata waliofaulu. Muuza ukindu hana kitabu cha risiti. Chapa karatasi yenye nafasi ya tarehe, jina, kitu, idadi yake, kiasi cha fedha na sahihi au dole gumba, ubebe kila unapokwenda kununua. Lipa kwa M-Pesa inapowezekana na uhifadhi ujumbe. Wasukaji wako nao watie sahihi kila wanapolipwa. Ripoti ikifika wakati wake utakuwa na kila kitu ndani ya bahasha moja, na mfadhili aliyepata ripoti safi hukukumbuka anapofungua maombi mengine.

Ukinyimwa, waandikie kwa adabu uwaulize ombi lilipungukiwa wapi. Si wote hujibu, ila wanaojibu husema mambo ya maana.

Pima kasi yako ya kusuka wiki hii, kisha weka hapa hesabu yako ya meta na siku, bila jina la mfadhili. Nitaipitia mstari kwa mstari, na dada zetu wa Faza na Matondoni waliomo humu watuambie wao wanatoa meta ngapi kwa siku.